Kutembelea Farnsworth House iliyokarabatiwa

Nyumba hii ya kioo na chuma, kazi ya msanifu majengo Mies van der Rohe iliyokamilika 1951, iko Plano, Illinois, takriban kilomita 90 kutoka Chicago. Huingii bila kiongozi wa ziara, basi nunua tiketi mapema. Vaa viatu vya kutembea. Kutoka mapokezi unapita kati ya miti kwa miguu.

Anzia nje, kwenye nguzo 8. Tafuta boliti: huzioni, maana viungo vilichomelewa kisha vikasagwa laini. Sakafu iko mita 1.6 juu ya ardhi, lakini mafuriko ya 1996 yaliipita, yakavunja vioo na kuharibu mbao za ndani, zikatengenezwa upya. Zikague kwa macho, usiguse.

Kiangazi beba maji, maana ndani hewa haipiti sana. Madirisha yanayofunguka ni 2 tu, madogo, upande wa mashariki.