Jinsi ya kuangalia C-SPAN ukiwa Nairobi bila kusinzia na bila kuchezwa na klipu

Kuna siku kwa grupu yetu ya WhatsApp ya ploti mtu alituma klipu ya mbunge wa Marekani amesimama anaiponda Kenya, suti safi, sauti nzito, na chini yake wameandika "Amerika imeamua". Watu wakashikana hapo mpaka saa sita usiku, wengine wanasema misaada imekatwa, wengine wanauliza viza itakuwaje. Mimi nikaenda kutafuta video yote. Kumbe jamaa aliongea dakika moja tu, hakuna mswada mezani, hakuna kura, akamaliza akakaa na mwingine akasimama kupongeza timu ya shule ya kijijini kwao. Tangu hiyo siku nimekuwa naangalia C-SPAN karibu kila wiki, na kwa vile watu wananiuliza naielewa aje, wacha niandike hapa mara moja.

Kama hujawahi kuiona, hii ni televisheni ya Marekani ambayo kazi yake ni kukuonyesha vikao vya bunge lao na kunyamaza. Hakuna mchambuzi anapiga meza, hakuna maandishi mekundu yanakimbia chini, hakuna tangazo la sabuni. Ilianzishwa na Brian Lamb, na tarehe 19 Machi 1979 ndio kikao cha Baraza la Wawakilishi, moja ya nyumba mbili za bunge lao (Kongresi), nyingine ikiwa Seneti, kilionyeshwa laivu mara ya kwanza, mtu wa kwanza kuhutubia siku hiyo akiwa Al Gore, kijana wa Tennessee wakati huo. Seneti ilikubali kamera 1986, hapo ndio C-SPAN2 ikazaliwa, alafu baadaye ikaja C-SPAN3. Watu wengi hudhani ni ya serikali kama KBC, hapana, pesa inatoka kwa kampuni za kebo na setilaiti za huko, serikali haitoi hata ndururu.

Sasa hiyo ya kebo ndio inaleta shida kwetu. Ukienda kwa tovuti yao ukafinya stesheni yenyewe laivu, itakuuliza wewe ni mteja wa kampuni gani ya kebo, na wewe uko Kayole na decoder ya kulipia mwezi. Usihangaike nayo. Ingia kwa chaneli yao ya YouTube, vikao vingi vikubwa wanaweka hapo laivu. Kama unataka ukumbi wa bunge wenyewe, Baraza la Wawakilishi liko na strimu yake kwa live.house.gov na Seneti iko na yake kwa senate.gov, bure kabisa, na kamati nyingi pia ziko na tovuti na chaneli zao. Na video za zamani kwa maktaba ya C-SPAN haziulizi mambo ya kebo. Juu ya bando, shusha picha mpaka 144 au 240, enyewe unaangalia mtu amesimama anaongea, si mechi ya Arsenal, hupotezi kitu. Ama usikize redio yao tu, simu ikae mfukoni uendelee na kuosha vyombo.

Saa ndio inachanganya watu kuliko kitu kingine yote. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. Kutoka Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tuko mbele ya Washington kwa masaa saba, miezi hiyo mingine ni masaa nane. Kwa hivyo kikao cha kamati cha saa nne asubuhi yao, na vingi huanza saa nne, kwetu ni saa kumi na moja jioni wakati wa joto lao na saa kumi na mbili wakati wa baridi, yaani umekwama Thika Road kwa matatu, si ndio muda mzuri wa earphone. Hotuba ya rais kwa Kongresi ya kila mwaka huwa saa tatu usiku yao, na kwa vile hiyo huja wakati wa baridi, kwetu ni saa kumi na moja alfajiri ya siku inayofuata. Niliwahi kosa moja nzima juu niliweka alamu ya tarehe yao badala ya yetu, nikaamka nikapata wanaonyesha mambo ya mbolea.

Alafu usianze kuangalia ovyo ati unataka "kujua siasa za Amerika", utalala dakika ya nne. Anza na jambo lako. Kama una dada anashona nguo EPZ ya Athi River, fuatilia AGOA, ile sheria Clinton aliweka sahihi tarehe 18 Mei 2000 ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, na muda ulioongezwa 2015 ulifika mwisho tarehe 30 Septemba 2025. Hapo utajua mbona unaskiza kamati ya ushuru ya watu usiowajua. Ama fuata Haiti. Polisi wetu wa kwanza walitua Port-au-Prince tarehe 25 Juni 2024, siku ile ile tulikuwa barabarani kwa sababu ya mswada wa fedha, na wengi wetu tulidhani Biden akishasema atalipia hiyo kazi ya polisi basi pesa imetoka. Haikuwa hivyo. Michael McCaul upande wa Wawakilishi na Jim Risch upande wa Seneti, wote Ma-Republican wakubwa kwa kamati za mambo ya nje, walikuwa wamezuia sehemu ya hizo pesa wakitaka kuelezwa mpango kwanza. Ukitazama tu mkutano wa Biden na Ruto na waandishi pale White House tarehe 23 Mei 2024, utaona vicheko na mikono kupeanwa, lakini mfuko wenyewe ulikuwa umeshikwa kwa kamati, na kamati ndio mtu hataki kuangalia kwa sababu inaboesha.

Sasa tufike kwa ukumbi, hapa ndio klipu nyingi za kudanganya hutoka. Mwanzo wa siku Baraza la Wawakilishi huwa na hotuba za dakika moja moja, kila mtu na lake, birthdei ya nyanya, kiwanda cha kwao, kuponda China, kuponda rais. Hizo hazipitishi kitu. Jioni kazi ikiisha kuna hotuba zingine ndefu, mtu anaweza kupewa hata saa nzima anaongea peke yake na viti. Kwa kamera huoni viti, unaona yeye tu, ndio ujanja wenyewe.

Na hii si mambo mapya. Mwaka wa 1984 Newt Gingrich, mbunge wa Ma-Republican, na wenzake walikuwa wamegundua hiyo njia, wanasimama jioni, wanawashutumu Ma-Democrat kwa mambo ya nje, wanatulia kidogo kama wanangoja jibu, na mtu wa nyumbani anaona ni kama washtakiwa wamekosa la kusema, kumbe walishaenda zao kula. Spika Tip O'Neill akakasirika, mwezi wa tano akaamrisha kamera zizungushwe ukumbi mzima bila kuwaambia, na nchi ikaona jamaa anahutubia mbao. Kelele ikawa kubwa sana, lakini ukiniuliza mimi aliyepata faida ni Gingrich, jina likajulikana, na 1995 akawa Spika mwenyewe.

Kwa hiyo story utashika kitu kimoja muhimu: kamera za ukumbini si za C-SPAN. Ni za bunge lenyewe, C-SPAN wanapewa tu picha. Ndio maana kwa kawaida unaona anayeongea na meza ya Spika basi. Ukitaka kuona tofauti tafuta Januari 2023, siku zile Kevin McCarthy alipigiwa kura mara 15 ndio apate kiti cha Spika. Kwa vile hakukuwa na Spika wala kanuni zilizopitishwa, kamera za C-SPAN zilikuwa huru kuzunguka, na ndio tukaona Matt Gaetz, Republican wa mrengo wa kulia kabisa, akinong'onezana na Ocasio-Cortez, Democrat wa mrengo wa kushoto kabisa, alafu usiku wa mwisho Mike Rogers wa Alabama akimwendea Gaetz na mwenzake akimvuta nyuma kama wale wa kutenganisha watu stage. Hizo siku nne angalia hata kama huna haja na siasa yao. McCarthy alipita, kamera zikarudi kwa meza, tukarudi kuangalia nywele za watu.

Seneti nayo iko na mambo yake. Utafungua upate karani anasoma majina polepole sana, jina moja, kimya, jina lingine, ama upate muziki wa vinanda na hakuna mtu anaongea. Strimu haijakwama, usirestati simu. Wanahesabu koramu, yaani kama wabunge wametosha ukumbini, lakini kusema ukweli mara nyingi hawaitafuti, wanavuta muda huku wakubwa wanaelewana nyuma ya pazia. Weka chai. Kitu cha kuangalia ni kura, na kwa Seneti kumbuka kwamba mswada mwingi unahitaji 60 kati ya 100 ndio mjadala ufungwe, kwa hivyo ukiona kura 54 kwa 46 na watu wanasema umepita, angalia tena walikuwa wanapigia nini.

Kwa kamati kuna sheria ya dakika tano kwa kila mbunge anayeuliza, hiyo ndio inafanya waulize kama wanakimbizwa. Shahidi akianza kuzunguka utaskia mbunge anamkata, anarudisha muda wake. Watu wa klipu wanapenda sana hapo. Mimi nakwambia angalia dakika tano zote, juu mara nyingi jibu la shahidi linakuja kwa mbunge anayefuata, wa chama kile kingine, anampa nafasi ya kumalizia ile sentensi alikatwa. Klipu huwa haifiki huko.

Ukitaka kitu chepesi kuna Washington Journal, kila siku saa moja asubuhi yao, yetu saa nane ama saa tisa mchana. Watu wanapiga simu, na laini zimegawanywa, hii ya Ma-Republican, hii ya Ma-Democrat, hii ya wasio na chama. Mtangazaji habishani, hacheki, hata mtu akisema mwezi ni wa plastiki anamwangalia tu alafu anasema asante. Na huruhusiwi kupiga zaidi ya mara moja kwa siku 30! Fikiria hiyo sheria iletwe kwa redio zetu za asubuhi, wale jamaa wanapiga kila siku wanajulikana hadi majina wangekufa na kiherehere. Kwa kujua mtu wa kawaida wa Ohio anawaza nini, hiki kipindi kinashinda wachambuzi wote.

Kutafuta vitu vya zamani sasa. Maktaba yao ya video ilianzia 1987 katika chuo cha Purdue, na iko wazi kwa mtu yeyote. Kosa watu hufanya ni kuandika "Kenya" na kufinya, unapata rundo. Anza na tarehe. Chukua tarehe unayoijua kwa roho, mimi nilianza na 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani hapa mjini na la Dar, alafu nikasonga mbele siku kwa siku mpaka tarehe 20 Clinton alipopiga Afghanistan na Sudan, nikiangalia nani alikuwa anasema nini hizo siku katikati. Chini ya video kuna maandishi, mara nyingi yote herufi kubwa na makosa mengi kwa sababu yametoka kwa maneno ya chini ya skrini, majina ya Kiafrika yanaharibiwa vibaya sana humo, kwa hivyo ukitafuta jina la mtu wetu jaribu na spelling mbovu. Ukipata unachotaka unaweza kukata klipu yako hapo hapo. Ukiituma kwa grupu, weka na linki ya video yote na useme ni kikao gani, hata kama hakuna mtu atafinya.

Mwezi wa nane usitafute laivu sana, Kongresi huwa likizo. Huo ndio muda wa historia. Jumamosi C-SPAN2 huwa ya historia ya Marekani na Jumapili ya vitabu, na kuna mfululizo unaitwa Lectures in History ambapo wanaweka kamera nyuma ya darasa la chuo na wewe unasoma pamoja na wanafunzi bila kulipa karo. Mimi huwa nafuata enzi za Kennedy kwa sababu ya Tom Mboya. Mboya alikuwa amepeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege mwaka 1959, na Julai 1960 akamfuata Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port kuomba pesa za ndege zilizofuata, wakfu wa familia ukatoa dola 100,000, na upande wa Nixon, mpinzani wa Kennedy kwa uchaguzi, nao ukataka kuingia hapo maana kura za watu weusi zilikuwa zinatafutwa. Ukishasikiza masomo mawili matatu ya uchaguzi wa 1960, siku ukipita Moi Avenue simama kidogo pale kwa sanamu yake, alafu hesabu miaka mpaka Julai 1969 alipopigwa risasi hapo karibu.