SOMO: Jifunze kusimama kwanza, kuelea kutakuja

Wakuu, somo hili ni la wenzangu tuliokulia huku Dodoma, ambako maji tumeyajulia kwenye ndoo na madumu. Mimi nimejifunza kuogelea mtu mzima mwenye familia, kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, na siku ya kwanza nusura nife kwenye maji ya kifuani. Kifuani! Niliteleza nikaenda chali, miguu ikapanda, nikawa natafuta sakafu siipati. Aliyeniokoa ni katoto ka shule ya msingi: kalinishika bega kakasema, "Anko, simama."

Tangu siku ile nimeamini kwamba wengi hatuogopi maji yenyewe. Tunaogopa kwa sababu miguu ikishaachana na ardhi hatujui kuirudisha.

Nchi kavu ukiyumba unarusha mikono na kunyanyua kichwa. Majini, hilohilo ndilo linalokuzamisha. Kichwa kina kilo 4 hadi 5. Kikilala kwenye maji, maji yanakibeba, lakini ukikitoa nje mzigo wote unaangukia mwili na miguu inashuka. Juu ya hapo unabana pumzi, hewa chafu inajaa kifuani, mwili unadai kuhema, na tone likigusa koo, koo linajifunga. Hapo ndipo kutapatapa kunapoanza.

Hatua ya 1: pumzi. Anzia nyumbani, kwenye beseni. Vuta hewa kwa mdomo, zamisha uso, toa mapovu puani taratibu. Usione aibu.

Hatua ya 2: kusimama. Hapa usiharakishe. Ingia maji ya kiunoni ukiwa na mtu anayejua kuogelea. Shika ukingo, lala kifudifudi, miguu ielee nyuma. Sasa vuta magoti yaje kifuani, kandamiza maji kwa viganja kwenda chini, shusha nyayo, na kichwa kiinuke mwisho kabisa. Ukianza na kichwa, miguu itateleza kama ilivyoniteleza mimi. Ukiwa chali, kidevu kije kifuani, magoti yakunjwe, na mikono ichote maji kutoka nyuma kuja mbele. Rudia mpaka uchoke, kisha rudia kesho.

Hatua ya 3: kujikunja kama mpira. Vuta hewa, zamisha uso, kumbatia magoti. Mgongo utaibuka wenyewe. Ukiona hivyo, nusu ya hofu imeondoka.

Hatua ya 4: chali. Mwenzako aweke kiganja chini ya mgongo wako. Masikio yaingie majini (wengi hugomea hapa), macho yatazame juu, tumbo lipande. Jaza mapafu, toa hewa haraka, jaza tena. Mapafu ndiyo boya lako: yakijaa unapanda, ukitoa hewa unashuka kidogo. Ukishuka usishtuke, vuta tena.

Maswali ya wadau

*Mkuu, mimi mwembamba, miguu inazama kama nondo. Nina kasoro?*
Huna. Mafuta huelea kuliko misuli na mifupa, kwa hiyo wembamba huelea chini zaidi. Nyoosha mikono nyuma ya kichwa, ndani ya maji, isawazishe uzito wa miguu. Ikishuka, iache. Muhimu pua na mdomo vibaki juu.

*Nikijua kuelea naweza kuvuka korongo likiwa limejaa?*
Hapana, ndugu yangu. Maji ya korongo yanakimbia na magogo na mawe. Subiri yapungue.

*Kaka, naweza kufanyia mazoezi kwenye bwawa la Mtera?*
Mtera kuna mamba na viboko. Tafuta bwawa lenye ukingo na msimamizi.

*Shikamoo. Tukiwa bwawa la Hombolo nikaona mtoto anazama, na mimi sijui kuogelea, nifanye nini?*
Marahaba. Kwanza usisubiri kelele. Anayezama mara nyingi hapigi kelele kwa sababu mdomo unaingia majini, na mikono inapiga maji badala ya kupunga. Usijitose. Ita watu, lala chini ukingoni, mnyooshee fimbo au kitenge. Akiwa mbali, mrushie dumu tupu lenye kifuniko kilichokazwa, ukiweza lifunge kamba. La lita 20 linabeba karibu kilo 20, na yeye anahitaji kichwa tu kikae juu. Mwambie alikumbatie kifuani, kisha vuta polepole.