Kulifufua gitaa la umeme la bei ya chini: mbao kwanza, waya mwisho

Gitaa lililo mezani kwangu ni nakala ya Stratocaster, gitaa maarufu la kampuni ya Fender, lenye kiwiliwili cha plaiwudi na pikapu tatu (sumaku zilizozungushiwa waya, zinazogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme), ambalo lilikaa miaka mingi juu ya kabati katika nyumba moja ya Dar es Salaam. Hewa ya bahari imelitafuna kila penye chuma: nyuzi zimeota kutu, skrubu za daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili) zimeganda, na ukizungusha kitufe cha sauti spika hukwaruza kama sufuria inayokwanguliwa ukoko. Mwenyewe aliniomba nimtafutie pikapu mpya. Nilimjibu kwamba pikapu zitasubiri, kwa sababu gitaa lisiloshika tyuni halitaponywa na pikapu ya bei yoyote.

Hatua ya 1: Kufungua na kusafisha. Legeza nyuzi taratibu, zitoe, kisha fungua bamba la mbele na upige picha za nyaya zote kabla ya kugusa chochote. Skrubu zilizoganda zitilie tone la mafuta na uziache hadi kesho yake. Ukilazimisha bisibisi, utaharibu kichwa cha skrubu. Freti (vile vijiti vya chuma vilivyopangwa kwenye shingo) zilizofubaa husuguliwa kwa sufi laini ya chuma, lakini zifunike pikapu kwanza kwa karatasi ya gundi, kwani sumaku zake huvuta vumbi la chuma na vumbi hilo halitoki kirahisi.

Hatua ya 2: Shingo. Funga nyuzi mpya (mimi hutumia seti inayoanzia inchi 0.010) na uzikaze hadi tyuni ya kawaida, maana shingo isiyovutwa na nyuzi haipimiki. Bonyeza uzi wa sita (ule mnene kuliko yote) kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha utazame mwanya ulio kwenye freti ya 7. Mwanya unaofaa ni takriban milimita 0.25, yaani unene wa karatasi mbili au tatu za fotokopi. Ukizidi, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa robo mzunguko kufuata mwelekeo wa saa, kisha usubiri na kupima tena. Nilipokuwa mwanagenzi niliwahi kuizungusha mzunguko mzima kwa pupa, nikasikia mlio mkavu ndani ya mbao, na shingo ile haikupiga muziki tena.

Hatua ya 3: Kidaraja cha juu. Hiki ni kile kipande chenye mifereji sita, mpakani mwa shingo na kichwa, na kwa maoni yangu ndicho chanzo cha nusu ya lawama zinazotupiwa magitaa ya bei nafuu. Cha plastiki kikichakaa, uzi hunasa ndani ya mfereji; unakaza ufunguo na hakuna kinachobadilika, halafu ghafla uzi unaruka na kupita noti uliyoitaka. Mfupa wa ng'ombe kutoka buchani unafaa kuliko plastiki ile. Uchemshe, uondoe mafuta yote, uuache ukauke kabisa, kisha uukate na kuusugua kwa tupa na msasa hadi ukae kwenye nafasi yake bila kuchezacheza. Vaa barakoa, kwa kuwa vumbi la mfupa lina madhara kwa mapafu. Mifereji ichongwe ikiinama kidogo kuelekea kwenye vifunguo, na kina chake ukipime hivi: bonyeza uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya 1, ambapo uzi unapaswa kukaribia kuigusa bila kuigusa. Ukichonga kupita hapo, kazi inaanza upya. Malizia kwa kupaka unga wa risasi ya penseli ndani ya kila mfereji.

Hatua ya 4: Kimo na usahihi wa noti. Kwenye freti ya 12, milimita 1.6 kwa uzi wa kwanza na 2 kwa uzi wa sita ni kimo cha kuanzia. Noti iliyobonyezwa kwenye freti hiyo ikiwa juu kuliko mlio wa kengele unaopatikana hapo hapo kwa kuugusa uzi tu, sogeza tandiko la uzi huo (kile kipande cha daraja kinachoubeba) nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze mbele.

Hatua ya 5: Umeme. Kwanza pulizia vidhibiti (vifaa vilivyo chini ya vitufe vya sauti na toni) dawa ya kusafishia vifaa vya umeme na uvizungushe mara nyingi. Kikiendelea kukwaruza, weka kipya cha kilo-omu 250. Pima kila pikapu kwa mita ya umeme. Pikapu za aina hii kwa kawaida husoma kati ya kilo-omu 5 na 7, na isiyosoma chochote ina waya uliokatika.

Sasa ndipo marekebisho yanapoingia, na ninayoyapendekeza ni mawili tu. Stratocaster ya mwaka 1954 ilikuwa na swichi ya vituo 3 ya kuchagua pikapu, wapigaji wakajifunza kuitegesha katikati ya vituo ili pikapu mbili zilie pamoja, hadi Fender ilipoweka ya vituo 5 mwaka 1977. Nakala yako ikiwa na ya vituo 3, ibadilishe. La pili ni kuiunganisha pikapu ya nyuma (iliyo karibu na daraja) na kidhibiti cha toni, kwa kuwa mpangilio wa asili haukuipa toni yoyote, na mpiga solo wa dansi anayeitumia usiku kucha huchoma masikio ya wachezaji. Kinachohitajika ni kipande kifupi cha waya, kilehemiwe kutoka mguu usiotumika upande wa toni wa swichi hadi mguu wa jirani wenye toni.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tanga:* Fundi, skrubu ya kitufe cha mkanda inazunguka bila kushika. Nitumie nene zaidi?

*Jibu:* Hapana, nene itapasua plaiwudi. Jaza tundu kwa njiti za meno zilizopakwa gundi ya mbao, zikate usawa, subiri siku moja, kisha urudishe skrubu ile ile.

*Mwanachama wa Mombasa:* Nimemaliza kulehemu, lakini nikigusa nyuzi mvumo unaongezeka badala ya kupungua.

*Jibu:* Huenda umegeuza nyaya mbili za jeki (tundu linaloingia plagi ya gitaa). Waya wa ethi ndio unaopaswa kwenda kwenye mguu unaogusa shina la plagi.

*Mwanachama wa Morogoro:* Mdomo ukigusa maikrofoni huku nimeshika nyuzi, napigwa shoti. Je, niukate waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja?

*Jibu:* Usiukate, ndugu yangu. Kosa linaweza kuwa kwenye ampilifaya, kwenye vyombo vya maikrofoni au kwenye soketi ya ukumbi, ambako ethi imekatika au haikuwekwa kabisa. Zima vyombo vyote, mwite fundi umeme avikague kimoja kimoja pamoja na soketi zenyewe, na usipige wala kuimba hapo hadi amalize.