Uozo Mweupe wa Biringanya: Chunguza Punje Nyeusi Ndani ya Shina

Katika vinyungu (bustani ndogo za mabondeni zinazolimwa kiangazi) vya Iringa na Njombe, na katika bustani za mabondeni mkoani Mbeya, biringanya iliyostawi vizuri huweza kunyauka tawi moja baada ya jingine wakati wa baridi ya Juni na Julai, ilhali udongo una unyevu wa kutosha. Kabla ya kununua dawa yoyote, pasua shina lililonyauka. Ukikuta utando mweupe mzito pamoja na punje nyeusi, ngumu, zinazofanana na mavi ya panya, huo ni uozo mweupe unaosababishwa na vimelea vya fangasi viitwavyo Sclerotinia sclerotiorum. Mnyauko wa bakteria hauna punje hizo. Kipande cha shina lenye bakteria kikining'inizwa kwenye glasi ya maji safi hutoa nyuzi za ute mweupe.

Punje hizo huanguka pamoja na mmea uliooza na kukaa udongoni kwa miaka kadhaa. Zilizo karibu na uso wa udongo, hasa katika sentimita tano za juu, zikipata baridi na unyevu wa muda mrefu huotesha viuyoga vidogo vinavyorusha chembe za uzazi hewani. Chembe hizo hushika kwanza kwenye petali zilizokufa, na petali ikinasa kwenye panda ya matawi au kwenye kikonyo cha tunda, uozo huingia katika sehemu iliyo hai. Kwa hiyo ukaguzi wa makini ufanyike kuanzia maua yanapochanua.

Mmea ulioathirika ung'olewe mapema, utiwe kwenye mfuko papo hapo na kuchomwa moto nje ya shamba. Usiutupe kwenye lundo la mboji, wala kwenye mfereji, kwa sababu maji yatamfikishia punje jirani aliye chini yako.

Kinachoendeleza ugonjwa huu zaidi katika nyanda zetu ni kupokezana mazao ambayo yote hushambuliwa nao: biringanya, kisha maharage, kisha viazi mviringo, kisha kabichi. Nyanya, njegere, karoti na alizeti nazo zimo, na kwa jumla mimea inayojulikana kushambuliwa inazidi aina 400. Mahindi, ngano na ulezi haviushiki. Ni kweli kwamba kinyungu ni kidogo na maharage huleta fedha ya haraka, lakini mahindi ya kuchoma ya kiangazi nayo yana wanunuzi, na eneo lililoathirika linahitaji nafaka kwa miaka mitatu au zaidi, huku magugu ya majani mapana yakipaliliwa.

Panda kwa nafasi pana, kwa mfano sentimita 75 kwa 60, na umwagilie asubuhi kwenye shina badala ya kumwaga maji kwa keni juu ya majani. Kiuatilifu hakiui punje zilizo udongoni. Husaidia kikipigwa maua yanapoanza, kabla ya uozo kuonekana. Chagua kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, na uzingatie siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko.

Anayehifadhi mbegu ya maharage kutoka shamba lililougua aichambue kwa mkono kwenye ungo, kwa kuwa punje huchanganyika nayo wakati wa kupura.