Kabla ya Kuongeza Nguvu ya Gari la Kulala Mlimani

Mwenye gari la dizeli lililojengewa chumba cha kulala, ambalo huishiwa pumzi katika mlima wa Kitonga, asikimbilie kumwambia fundi aifungue pampu imwage dizeli zaidi, kwa kuwa dizeli isiyopata hewa ya kutosha huishia kuwa moshi mweusi na joto lisilo na faida. Aanze na hewa. Chujio lililojaa vumbi hubadilishwa kwa dakika chache. Halafu aikague mipira inayotoka kwenye turbo, yaani kifaa kinachoshindilia hewa kwenda kwenye injini, akipapasa upande wa chini wa kila klampu, kwani ufa mdogo wenye utelezi wa oili huvujisha hewa iliyoshindiliwa, na mara nyingi hujitambulisha kwa mluzi gari linapopanda. Chujio la dizeli nalo lisisahauliwe. Akiamua kuongeza nguvu baada ya hapo, afunge kwanza geji ya joto la moshi wa ekzosi, ambayo kwangu ni ya lazima: joto hilo likikaribia nyuzi 700 za Selsiasi kabla moshi haujaingia kwenye turbo, arudi gia ya chini na kupunguza mafuta. Tangi la maji ya matumizi ya chumbani, kwa kweli, lijazwe baada ya mlima. Lita 100 ni mzigo wa kilo 100.