SOMO: Mimea ya akwariamu kwenye maji magumu ya kisima

Swali la "mbona majani yanapauka" limerudi tena wiki hii, basi jibu lote hili hapa. Linatuhusu hasa wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Unguja, ambako visima vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na maji yamejaa kalsiamu.

1. Pima GH (ugumu wote wa maji) na KH (kiasi cha baikaboneti, inayozuia pH, yaani kipimo cha uasidi, isiyumbe; pH 7 ni katikati) kwa vipimo vya matone. Digrii moja ni takriban mg 18 za kalsiamu kaboneti (chokaa) kwa lita. Maji yakiwa na ladha ya chumvi, hilo ni tatizo jingine. Tafuta chanzo kingine.

2. Dondoshea changarawe siki. Ikitoa povu ina chokaa, usiiweke.

3. Chagua mimea inayoyapenda maji haya. Vallisneria, Ceratophyllum na Hydrilla hupata kaboni kutoka kwenye baikaboneti, na zote zimo Ziwa Tanganyika ambako pH inakaribia 9. Anubias na Cryptocoryne wendtii nazo zinavumilia. Anubias ifunge kwenye jiwe kwa uzi. Ukifukia shina lake litaoza.

4. Washa taa kwa muda wa saa 8 kwa siku, basi.

5. Chuma. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Jani jipya linatoka jeupe-njano kama ganda la ndani la hindi, mishipa tu ndiyo kijani, huku majani ya zamani yakiwa mazima, kwa sababu chuma hakihami kutoka jani kuukuu kwenda jipya. Mtu anakimbilia duka la pembejeo, ananunua chuma cha EDTA (kemikali inayokishikilia chuma kisigande majini; DTPA na EDDHA ni za aina hiyo hiyo), anamimina, hakuna kinachobadilika, anaongeza. Kumbe pH ikishapita 7, kama ya maji haya, EDTA inaanza kukiachia chuma, kinageuka kutu na kutuama chini. Nunua cha DTPA, nacho ukitie kidogo kidogo, maana kwenye pH 8 hakidumu. Chenye asilimia 11 ya chuma: gramu 10 kwenye lita 1 ya maji ya mvua, kisha ml 3 kila asubuhi kwa tangi la lita 100. USIMIMINE ml 20 kwa mkupuo. EDDHA inahimili hata pH 9, ila maji yatakuwa mekundu. Kwa mimea ya mizizi, fukia vidonge vya udongo mwekundu wa mfinyanzi, ukubwa wa njugu, sm 3 chini ya shina.

MASWALI

Baharia7: Mkuu, nikikamua limau kushusha pH?
Jibu: Hapana. KH inaimeza asidi, pH inarudi, samaki wanayumbishwa bure.

Baharia7: Na misumari yenye kutu?
Jibu: Kutu ndiyo hiyo hiyo mimea inayoshindwa kuitumia. Rudia hatua ya 5, tafadhali.

BintiTanga: Vallisneria yangu inakua vizuri, lakini majani yana ukoko mweupe, ukiyapitishia kidole yanakwaruza kama mchanga laini. Ni ugonjwa?
Jibu: Swali zuri, dada. Si ugonjwa. Mchana jani linavuta baikaboneti, pH inapanda pale pale juu ya jani, na chokaa inaganda. Maana yake mmea una njaa ya kaboni dayoksaidi. Chukua chupa ya lita 2, sukari gramu 200, hamira nusu kijiko cha chai, maji ya vuguvugu lita 1, kisha mrija wa kupitisha hewa hadi kwenye tangi. Weka chupa tupu katikati ili povu la hamira lisiingie kwa samaki. Ikiacha kutoa viputo, tengeneza upya.

mzee_wa_kisima: Nachemsha maji, inatosha?
Jibu: Kuchemsha kunatoa ugumu wa baikaboneti tu, na mkaa ni ghali. Changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, ugumu unapungua nusu. Mvua ya kwanza iache isafishe bati.

BintiTanga: Asante sana! Cryptocoryne niliyopanda Jumapili imeyeyuka majani yote, niing'oe?
Jibu: Usiiguse. Hufanya hivyo ikihamishwa maji. Kata yaliyooza, acha mizizi. Majani mapya yatatokea ndani ya wiki chache.