Popo wa darini siye anayekula maembe yako

Msimu wa maembe ukifika Pwani, lawama zote humshukia popo. Mkulima anakuta embe limetobolewa, anawasha moshi darini na kuwatimua waliolala humo. Kawaonea bure.

Popo wadogo wa darini, wenye vijicho kama punje, hula wadudu na tunda hawaligusi. Giza likiingia hutoka kuwinda mbu, mbawakawa na nondo. Kumbuka kuwa viwavijeshi vamizi wanaoshambulia mahindi huletwa na nondo wa usiku, na jike mmoja hutaga mayai zaidi ya 1,000. Sisemi popo watakumalizia viwavi. Moyo wa mmea wa mahindi utaendelea kuukagua kila wiki. Ila ukiwatimua, umepunguza wasaidizi.

Mla maembe ni popo mkubwa mwenye uso kama wa mbwa, anayelala mitini au mapangoni. Huyo naye manati ya nini? Maua ya mbuyu hufunguka jioni, na popo wa matunda ni miongoni mwa wanaoyachavusha usiku. Anayeuza ubuyu ana deni kwake. Mbegu za mvule pia husambazwa naye.

Dawa ya maembe ni kuwahi. Popo hutafuta lililoiva, kwa hiyo vuna embe likishapevuka, mabega yakiwa yamejaa na kupita usawa wa kikonyo, likaivie ndani. La kuivia mtini livike mfuko wa karatasi. Ukitumia neti, iwe ya matundu madogo na uivute ikaze. Neti legevu hunasa popo, ndege, hata nyoka. Embe lililong'atwa usile wala usimpe mtoto. Lifukie, na inzi wa matunda nao watakosa pa kuzalia.

Harufu ya darini ni kero kweli, sibishi. Subiri kiangazi, kwani watoto wengi huzaliwa wakati wa mvua na ukiziba mapema watafia humo. Ning'iniza kipande cha neti juu ya tundu wanalotokea, upande wa nje, chini kiwe wazi: watatoka, kurudi watashindwa. Baada ya siku kadhaa, ukiona hatoki tena hata mmoja, ziba. Popo usimshike kwa mikono mitupu.

Kinyesi kilichobaki kinyunyizie maji kwanza, vaa barakoa na glavu, ndipo uzoe. Kichanganye kwenye mboji kioze kabisa kabla ya kukipeleka bustanini.